Saa 48 za Hadithi Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Mwandishi wa Kigoma

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambaye hapa ataitwa Mwalimu tu, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na karibu kila mtu mtaani kwake. Jina lake, shule yake, mtaa wake na shindano aliloshiriki havitatajwa, na mambo machache ya nyumbani kwake yamebadilishwa kwa ridhaa yake. Mimi ni mmoja wa wasomaji wa rasimu katika kikundi chetu kidogo cha waandishi, na kabla ya kuandika uchambuzi huu niliyasoma madaftari yake yote mawili, la maandalizi na la siku zenyewe za shindano.

Waandishi wengi wa hapa nchini wamezoea mashindano ya namna nyingine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kama ilivyo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, hupokea miswada ambayo mwandishi ameihangaikia kwa muda wake mwenyewe, pengine kwa miaka. Shindano la kuandika kwa muda maalumu hupima jambo jingine, yaani uwezo wa kuanza na kumaliza huku saa ikihesabu. Changamoto iliyojulikana zaidi ya aina hiyo ilianza Marekani mwaka 1999 ikiwa na washiriki 21, na lengo lake lilikuwa maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, ambayo ni kama maneno 1,667 kila siku. Kanada kuna shindano la kuandika riwaya kwa siku 3, lililoanza mwaka 1977. Yapo pia mashindano mafupi zaidi, ambamo mshiriki hapewi mada mpaka dakika ya kuanza, na mada yenyewe huwa na masharti kadhaa anayopaswa kuyatimiza kwa pamoja.

Mwalimu alijiandikisha katika shindano fupi la namna hii. Mada ingetumwa kwa barua pepe Ijumaa saa 2 usiku, na hadithi isiyozidi maneno 2,000 ilitakiwa iwe imewasilishwa kabla ya saa 2 usiku wa Jumapili. Kila mshiriki angepangiwa aina ya hadithi, mahali inapotokea, na kitu kimoja ambacho lazima kiwe na kazi ndani ya hadithi. Hana kompyuta, ana simu janja na madaftari. Ana watoto wawili, na wifi yake anaishi naye. Mwaka uliotangulia alishiriki shindano lilelile na hakuwasilisha chochote, kwa sababu Jumapili mchana ilimkuta na mianzo mitatu ya hadithi na hadithi hata moja hana. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa chini yalizaliwa na hofu ya kurudia hali hiyo, na hofu hiyo ndiyo inayoeleza alichokifanya vizuri na alichokikosea.

Maandalizi na sababu zake

Jambo la kwanza alilolishughulikia lilikuwa nyumba. Alikaa na wifi yake wiki tatu kabla, akamweleza wazi kwamba kwa siku mbili hatapika, hatafua wala hatapokea wageni, na akamwomba amshikie watoto. Wifi alikubali kwa sharti moja: “Sawa wifi, nimekuelewa, lakini Jumapili jioni ugali unasonga wewe, mimi nitakuwa nimechoka.” Mwalimu aliliandika sharti hilo katika ratiba yake pamoja na saa za kuandika. Naliona kuwa jambo la maana sana. Wanawake wengi katika kikundi chetu hushindwa mashindano haya kwa sababu muda wao haukuwahi kuombwa wala kukubaliwa na mtu yeyote nyumbani, hivyo kila anayebisha hodi huondoka na sehemu yake, ilhali maneno ya kuandika wanayo.

Jambo la pili lilikuwa kupima kasi yake halisi. Alijaribu kuandika moja kwa moja kwenye simu, akaona anasitasita na kufuta kila sentensi, kwa hiyo akaamua kuandika kwa mkono kwanza kisha kuchapa. Alihesabu maneno ya kurasa kadhaa za daftari lake, akapata wastani wa maneno 220 kwa ukurasa. Kwa hiyo kurasa tisa zingekuwa ukomo wake, na hapakuwa na haja ya kuhesabu tena katikati ya kazi. Kisha alichapa kurasa tisa za zamani ili apime muda. Alidhani ingemchukua saa moja. Ilimchukua karibu saa tatu, pamoja na kurekebisha makosa. Matokeo ya kipimo hicho yalibadili ratiba nzima, kwa kuwa saa ya kufunga rasimu ya mkono ilibidi irudishwe kutoka Jumapili jioni hadi Jumapili asubuhi. Katika jaribio hilohilo aligundua kwamba simu yake ilikuwa ikiyageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza bila kuomba ruhusa, akauzima urekebishaji huo mapema.

Saa za kuandika alizipanga kuanzia saa 10 alfajiri. Kigoma, kwa kuwa ipo magharibi mwa nchi lakini inatumia saa zilezile za Dar es Salaam, hupambazukiwa zaidi ya nusu saa baadaye, na jua huchomoza karibu na saa 1. Kwa hiyo saa 10 hadi saa 1 humpa mtu saa tatu za giza na utulivu kabla mtaa haujaamka. Alizifanyia mazoezi saa hizo, siku za shule kwa siku za mapumziko, mpaka mwili ukazizoea.

Jambo la tatu, na ndilo nitakalolirudia zaidi, lilikuwa daftari aliloliita daftari la vitu. Kila Jumamosi alishuka Kibirizi, ufukweni, ambako mitumbwi hushusha dagaa na akina mama huwaanika, akaandika kitu kimoja katika kila ukurasa. Alijiwekea maswali manne kwa kila kitu: kinafanyaje kazi, nani anakigusa, kinagharimu nini kikipotea, na lini hakifanyi kazi. Hakuandika jinsi ziwa linavyopendeza wala rangi ya machweo. Ukurasa mmoja ulihusu chanja za kuanikia na ulieleza kwa nini dagaa walioanikwa juu ya mchanga huuzwa kwa bei ya chini, na mvua ya ghafla inavyoharibu mzigo wa siku nzima. Mwingine ulihusu mizani, na mwingine mapipa ya mawese. Ukurasa mmoja ulihusu taa.

Jambo la nne lilikuwa hadithi ya akiba. Mwalimu alitunga mapema hadithi kamili ya fundi mzee wa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ambaye hajazungumza na mwanawe kwa miaka mingi. Aliisomea historia ya meli kwa bidii: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma kwa vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Hadithi ilikuwa nzuri. Nia yake ilikuwa kwamba, mada yoyote itakayokuja, atabadilisha mahali na kuingiza kitu kinachotakiwa. Kikundi kiligawanyika juu ya jambo hili. Baadhi yetu tuliona hatari, wengine waliona ni busara kwa mtu aliyeumia mwaka uliopita.

Usiku wa Ijumaa

Barua pepe ilifika kwa wakati. Aina: hadithi ya upelelezi. Mahali: sokoni. Kitu: taa.

Kuanzia saa 2 na nusu usiku hadi karibu saa 8, Mwalimu alijaribu kumhamishia fundi wake sokoni. Daftari la shindano linaonyesha hatua zake. Kwanza mzee anakwenda sokoni kununua taa ya meli. Kisha mwanawe anakuwa muuza taa. Kisha taa inaibwa kutoka kwenye meli na kuonekana sokoni, na mzee anaitambua. Kila jaribio lilianza vizuri na kufa katika ukurasa wa pili. Pembeni mwa jaribio la tatu aliandika maneno ambayo ameniruhusu kuyanukuu: “Taa imeingia lakini haina kazi. Nikiitoa, hadithi inabaki ileile.”

Sentensi hiyo ilikuwa utambuzi sahihi kabisa, na bado aliendelea kwa zaidi ya saa moja baada ya kuiandika. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba kuiacha hadithi ile kulikuwa sawa na kukiri kuwa hana kitu, na kumbukumbu ya mwaka uliopita haikumruhusu. Alilala bila kuamua.

Jumamosi

Aliamka saa 10 kama mwili ulivyozoea. Badala ya kufungua daftari la shindano, alifungua daftari la vitu na kuusoma ukurasa wa taa, ambao nauweka hapa kwa muhtasari kwa sababu hadithi yote ilitoka humo.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa kutumia taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola na betri. Mwanga huwavuta dagaa karibu na uso wa maji, kisha wavu huinuliwa. Taa ni mali ya gharama; pengine mwenye taa si mwenye mtumbwi, na wanaovua si wenye chochote kati ya hivyo. Taa ikipotea, deni linamwangukia aliyekabidhiwa. Kisha jibu la swali la nne: taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa mbalamwezi huangaza ziwa zima na dagaa hawakusanyiki, hivyo wavuvi wa taa hupumzika siku hizo.

Mwalimu aliipigia mstari sentensi ya mwisho. Mvuvi akidai kwamba taa ilimdondoka majini jana usiku wakiwa kazini, na jana usiku ulikuwa wa mwezi mpevu, anasema uongo, na kila mtu wa ufukweni ana uwezo wa kulijua hilo akitulia na kufikiri. Hapo alikuwa na kosa, mshukiwa, kauli, na ukweli unaoipinga kauli. Mpelelezi hakuhitaji kuwa askari. Angeweza kuwa mama muuza dagaa sokoni, mtunza hesabu wa kikundi cha kukopeshana, ambaye anajua siku za mauzo kwa sababu ameziandika.

Aliandika mwisho kwanza, yaani swali moja ambalo mama yule anamuuliza mvuvi huyo kijana mbele ya meza tupu: “Jana usiku mlivua nini?” Baada ya hapo alijua kila onyesho linapaswa kuelekea wapi, na kufikia saa 4 asubuhi alikuwa na kurasa nne. Mchana umeme ulikatika mtaani kwao hadi jioni. Kwa kuwa alikuwa akiandika kwa mkono na simu ilikuwa imechajiwa tangu usiku, hakupoteza chochote. Alilala mapema akiwa na kurasa kumi na nusu, zaidi ya ukomo, na rasimu iliyofika mwisho.

Jumapili

Asubuhi alisoma rasimu kwa sauti akiwa peke yake, na hapo akaona tatizo kubwa. Maelezo kwamba wavuvi hawatoki wakati wa mbalamwezi yalikuja katika aya ya mwisho, kinywani mwa mpelelezi, baada ya kijana kushikwa. Msomaji wa Kigoma angelijua jambo hilo tangu mwanzo. Msomaji wa Dodoma au Tanga angeona ametolewa kanuni mfukoni mwa mwandishi ili hadithi imalizike. Alilihamishia ukurasa wa kwanza, lakini hakuliweka kama maelezo. Aliliweka kama lalamiko la muuzaji jirani juu ya meza zisizo na dagaa wabichi: “Mwezi ukikaa hivi, wanaume hulala nyumbani na sisi hulala njaa.” Sentensi hiyo inasikika kama uchungu wa kawaida wa sokoni, msomaji anapita juu yake bila kushtuka, na baadaye inarudi kumshika mkosaji.

Kupunguza maneno kulimchukua asubuhi yote iliyobaki. Aliondoa onyesho zima la kanisani, akaondoa dada wa mshukiwa, na akaondoa aya ya machweo ambayo, licha ya kanuni yake mwenyewe, ilikuwa imejipenyeza. Saa 6 mchana wageni walifika kutoka Kasulu bila taarifa. Wifi aliwapokea, lakini ni shemeji wakubwa, na heshima ilimtaka Mwalimu atoke kuwasalimia na kukaa nao kidogo. Kidogo hicho kilimaliza saa nzima na zaidi. Alianza kuchapa saa 8 badala ya saa 6 na nusu, akamaliza karibu na saa 11, akawasilisha saa 12 jioni bila kuwa amepata muda wa kuuandika upya mwisho, ambao alijua umeharakishwa. Kisha akasonga ugali wa muhogo, kama walivyokubaliana.

Matokeo

Hadithi iliingia kwenye orodha ya mwisho ya shindano na haikupata zawadi. Maoni ya waamuzi yalikuwa mafupi na ya haki. Walisifu kidokezo cha mbalamwezi na sauti za wauzaji. Walisema mkosaji alikiri upesi mno, na kwamba askari anayetokea katika aya mbili za mwisho hakuwa na kazi yoyote.

Uchambuzi

Tofauti kati ya hadithi ya akiba na daftari la vitu ndiyo kiini cha kisa hiki. Vyote viwili vilikuwa maandalizi ya mapema, vyote viligharimu juhudi, lakini kimoja kilimla usiku mzima na kingine kilimpa hadithi kabla ya mapambazuko. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba hadithi iliyokamilika huja na swali lake. Hadithi ya fundi iliuliza kama baba atamsamehe mwana. Hadithi ya upelelezi huuliza nani amefanya na tutajuaje. Mada haikuomba mandhari mapya tu. Iliomba swali jingine, na hakuna kiasi cha taa au meza za sokoni kinachoweza kubadili swali ambalo wahusika wameumbwa kulijibu. Utafiti mzuri juu ya meli uliongeza ugumu, kwa kuwa kila tarehe aliyoijua ilimfanya aone hasara kuiacha.

Daftari la vitu halikuwa na swali. Lilikuwa na namna vitu vinavyofanya kazi, na hasa namna vinavyoshindwa kufanya kazi. Nimezipitia kurasa zake nikitafuta hadithi nyingine ambazo zingeweza kutoka humo, na karibu zote zinatokana na jibu la swali la nne. Chanja hazina faida mvua ikinyesha bila kutarajiwa, na hapo kuna hadithi ya jirani aliyeona wingu na kunyamaza. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mtumbwi uliokuwa mali uligeuka kuwa mzigo, na hapo kuna hadithi ya deni na ya ndoa pia. Mwandishi anayejua kitu kinafanyaje kazi ana maelezo. Anayejua kinakwama lini ana tukio. Ndiyo maana maandalizi ya kuorodhesha rangi, harufu na sauti za mahali, ambayo wengi wetu tulifundishwa, husaidia kidogo sana saa inapoanza kuhesabu.

Vipimo vya muda vilimwokoa kwa namna ambayo haionekani ndani ya hadithi. Asingejua kwamba kuchapa kunachukua karibu saa tatu, ziara ya wageni ingemmaliza kabisa. Hata hivyo ratiba yake ilikuwa na kasoro: kila saa ilikuwa imepangiwa kazi, na hapakuwa na saa hata moja ya akiba. Alihifadhi akiba ya hadithi, asihifadhi akiba ya muda, na katika nyumba ya Kigoma siku ya Jumapili wageni si dharura isiyotabirika. Kilicholipia pengo hilo ni mwisho wa hadithi, yaani sehemu ileile waamuzi waliyoilaumu.

Kuhusu mwisho, kuna jambo la ufundi linalostahili kutazamwa. Kuandika swali la mwisho kwanza kulimsaidia kupanga njia, lakini kulimfanya aamini kwamba mwisho umekwisha. Alichokuwa nacho kilikuwa pigo la mwisho. Jinsi kijana anavyolipokea hakuwa bado amelitunga. Mshukiwa anayeulizwa “Jana usiku mlivua nini?” mbele ya watu anaowadai na wanaomdai ana njia nyingi za kujibu kabla ya kukiri: atataja samaki wengine, atamtaja mwenzake, atacheka. Mistari sita ya namna hiyo ingeondoa haja ya askari, ambaye aliletwa kwa kuwa mwandishi alidhani hadithi ya upelelezi haiwezi kufungwa bila yeye.

Kasoro nyingine ilikuwa katika mazoezi yenyewe. Katika wiki zile tatu Mwalimu alijipangia mada za majaribio yeye mwenyewe, na mtu anayejichagulia mada huchagua, hata bila kujua, zile ambazo hadithi yake ya akiba inaweza kuzibeba. Majaribio yalimthibitishia kwamba mbinu inafanya kazi, ilhali hayakuwahi kuipima. Tangu wakati huo kikundi kimeweka utaratibu wa kuandika aina, mahali na vitu kwenye vipande vya karatasi, kuvichanganya katika kopo, na kumwachia mtu asiye mwandishi avichomoe saa 2 usiku na kuvituma kwa simu. Kwa Mwalimu kazi hiyo anaifanya wifi yake, ambaye ameongeza vitu vyake mwenyewe kwenye kopo, vikiwamo kinu, kitambulisho kilichopotea na tiketi ya treni.

Hadithi ya fundi wa meli haikutupwa. Anaiandika sasa kwa muda wake, na imeshapita urefu wa maneno 2,000. Ile ya taa ameiandika upya kutoka pale kijana anapoulizwa swali, bila askari, na rasimu hiyo ndiyo tutakayoisoma katika mkutano ujao, tukitazama zaidi jinsi kijana anavyojaribu kujinasua kabla ya meza nzima kunyamaza na kumsubiri.